Shilingi ya Waziri na Saini ya Mkataba

Mwezi Mei, Bunge likiwa limekaa kama Kamati ya Matumizi pale Dodoma, husikika kauli ambayo mgeni anaweza kuidhania utani: "Mheshimiwa Mwenyekiti, nisipopata maelezo ya kuridhisha, natoa shilingi." Shilingi yenyewe ni moja tu. Inapunguzwa kwenye kifungu chenye mshahara wa Waziri ili wabunge wengine wapate nafasi ya kuchangia hoja ya mwenzao. Waziri anasimama, anaeleza kwamba barabara ya Mheshimiwa imo kwenye mpango na fedha zikipatikana kazi itaanza. Mbunge anashukuru, anairudisha shilingi. Muda ukiisha inakuja gilotini, na vifungu vilivyobaki vinapitishwa kwa mkupuo. Fungu 62, Uchukuzi, limekwisha. Kwa mwaka 2024/25 fungu hilo lilikuwa na takriban Sh2.7 trilioni.

Ibara ya 63 ya Katiba inasema Bunge ndilo lenye madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Je, tunachokiona Mei ndicho kusimamia? Nimewakutanisha watu wanne wajibu swali hilo. Nimewakutanisha kwa kalamu tu, hakuna ukumbi wala maikrofoni, lakini hoja zao si zangu peke yangu; nimezisikia zikizunguka kwa miaka. Yupo mbunge mstaafu aliyewahi kukaa Kamati ya Miundombinu, na mpaka leo mtaani anaitwa Mheshimiwa. Yupo mama mmoja aliyestaafu ukaguzi wa hesabu za umma. Yupo mwenye malori ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Na yupo mwandishi kijana wa habari za Bunge.

MHESHIMIWA: Mnatazama televisheni ya Mei mnadhani ndiyo kazi yote. Kazi inafanyika kabla. Machi kamati inakwenda kukagua miradi: relini, bandarini, viwanja vya ndege. Inarudi, inaketi na Wizara, inapewa randama. Mwandishi, umewahi kuishika randama?

MWANDISHI: Nimeiona kwa mbali, Mheshimiwa. Huwa hatupewi.

MHESHIMIWA: Basi ni kitabu kinene, mradi kwa mradi. Humo unaona reli imetengewa kiasi gani, fedha za ndani ngapi, za nje ngapi. Halafu unarudi nyuma mwaka mmoja: Bunge liliidhinisha ngapi, na Hazina ilitoa ngapi. Tarakimu hiyo ya mwisho ndiyo inayosema kweli. Mbunge anayejua kazi yake anaanzia hapo kabla hajasoma hotuba ya Waziri.

MWENYE MALORI: Sasa hapo ndipo ninapotaka kuuliza, Mzee wangu. Mimi kila lita ya dizeli ninayoweka, kuna fedha ya Mfuko wa Barabara ndani yake. Nalipa kabla gari halijatoka getini. Bidhaa ikishuka bandarini, mwagizaji analipa ushuru wa maendeleo ya reli, ulioanza 2015 kwa asilimia 1.5. Kwa hiyo sisi tumeshatoa. Mkandarasi wa barabara anakuja kulalamika kwamba hajalipwa, mitambo imeegeshwa. Fedha yangu ilikwama wapi?

MKAGUZI: Na mkandarasi asipolipwa kwa wakati, mkataba unampa riba. Hiyo riba ni fedha ya umma ambayo haijajenga hata mita moja ya lami. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, zimeirudia hoja hiyo mwaka baada ya mwaka, na wakala wa barabara, TANROADS, wamo humo. Hati ya malipo imesainiwa, mhandisi amekubali kazi imefanyika, fedha haijatoka, saa ya riba inahesabu. Kamati ikiliona jambo hili inaandika: "Serikali itoe fedha kwa wakati." Mwaka unaofuata inaandika tena.

MHESHIMIWA: Ulitaka tufanye nini, dada yangu? Kamati haina ufunguo wa Hazina. Ibara ya 99 inatuzuia hata kuongeza matumizi au kodi kwa hoja yetu wenyewe. Lazima pendekezo litoke kwa Rais kupitia kwa Waziri. Na bajeti yote tukiikataa, ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge. Mbunge ametoka kwenye kampeni juzi, ana madeni ya kampeni, leo umwambie apige kura ya kurudi jimboni?

Hapa namkatiza Mheshimiwa, kwa sababu kasema jambo zito kama anapita tu. Bunge letu linapoambiwa halina meno kwenye bajeti, mara nyingi lawama huishia kwa chama kinachotawala na nidhamu yake. Hiyo ipo. Lakini Katiba yenyewe imeiweka silaha kubwa ya mbunge mahali ambapo akiigusa inamlipukia mkononi. Kwa hiyo anayetaka kamati ipime uzito wake kwa kukataa bajeti ya Uchukuzi anataka kitu ambacho hakitatokea. Kazi lazima ifanyike kwingine, na ndiyo maana nampa nafasi mwandishi.

MWANDISHI: Mnisamehe wazee wangu, lakini kuna mwaka kamati zilitikisa. 2012. Aprili ile ripoti ya CAG ilifika bungeni, kamati za hesabu zikasimama: PAC ya Serikali Kuu, POAC ya mashirika ya umma na LAAC ya halmashauri. Zitto Kabwe alikuwa mwenyekiti wa POAC. Akaanza kukusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Pinda. Mapema Mei Rais Kikwete akapangua Baraza, mawaziri sita wakaachwa nje. Mmoja wao alikuwa Omari Nundu, Waziri wa Uchukuzi.

MHESHIMIWA: Na POAC ikafutwa mwaka uliofuata.

MWANDISHI: Ndiyo. 2013, kazi zake zikapelekwa PAC. Mashirika yakaja kupata kamati yao tena baadaye, hii Kamati ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma, PIC, ya sasa.

MWENYE MALORI: Kwa hiyo kamati ikiuma sana, inang'olewa jino.

MHESHIMIWA: Spika alikuwa na sababu zake, zilielezwa. Na msisahau kilichowaondoa mawaziri wale si kamati. Aliyewaondoa ni Rais. Kamati ilipiga kelele kwa ushahidi, saini zikaongeza joto, Rais akaamua. Bila Rais kuamua, ile ilikuwa ripoti tu kwenye kabati.

MKAGUZI: Sikubali, Mheshimiwa. Rais hakuamka asubuhi akaamua. Ripoti ilisomwa hadharani, watu walikuwa wanaifuata kwenye redio hadi kwenye daladala. Ndiyo nguvu pekee ambayo kamati inayo hasa: kufanya jambo lisiweze kunyamaziwa. Aprili 2019 tuliona kinyume chake. Profesa Assad, aliyekuwa CAG, alisema kwenye mahojiano kwamba ripoti zikitoka na hatua zisichukuliwe, huo ni udhaifu wa Bunge. Kamati ya Maadili ikamhoji, na Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Mwenye macho na mwenye mdomo wakagombana, mwenye hasara akapumua.

Mheshimiwa alinyamaza hapo. Ningekuwa yeye nami ningenyamaza.

MWENYE MALORI: Tuache ya zamani. Mimi naishi barabarani, mizani ya Vigwaza inanijua kuliko mke wangu. Nataka kujua: leo ndege zetu zinapata hasara, reli inapata hasara. Nani anaulizwa?

MKAGUZI: Swali zuri, lakini tulipange vizuri, maana kwenye hasara ndipo watu wanapodanganyana. Ripoti ya CAG iliyotoka 2025 inasema shirika la ndege, ATCL, lilipata hasara ya Sh91.8 bilioni mwaka 2023/24, kutoka Sh56.6 bilioni mwaka uliotangulia. Shirika la Reli, TRC, hasara ya Sh224 bilioni, kutoka Sh102 bilioni. Magazeti yakaandika, vijiweni wakasema: "Mmeona, reli ya kisasa, SGR, imetutia hasara." Sasa angalia tarehe. Mwaka huo wa fedha uliisha Juni 30, 2024. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 14. Wiki mbili! Safari za Dodoma zilianza Julai 25, mwaka mwingine wa fedha. Hasara ile haiwezi kuwa ya tiketi ya Sh31,000 ya kwenda Dodoma, kwa kuwa tiketi hiyo ilikuwa haijauzwa.

MWENYE MALORI: Basi ni ya nini?

MKAGUZI: Ndilo swali la kamati! Shirika linalokabidhiwa mtambo mkubwa linabeba uchakavu, riba, mishahara ya watu walioajiriwa kabla treni haijatembea, na reli ya zamani inayodai matengenezo yake. Kila kimoja kina jibu tofauti. Hasara ya uchakavu haitibiki kwa kufukuza mkurugenzi. Na ATCL vivyo hivyo: ndege za Airbus A220 zilikaa chini kwa sababu ya matatizo ya injini yaliyokumba mashirika mengi duniani. Ndege iliyolala haiuzi tiketi, lakini gharama zake hazilali. Juu ya hapo, ndege hizo hazikuwa za ATCL. Zilikuwa za Wakala wa Ndege za Serikali, ATCL ilikodi. Sasa kama kodi ilipangwa na Serikali kwa Serikali, hasara ni ya nani?

MHESHIMIWA: Utaona ugumu wetu. Waziri anakuja Kamati ya Miundombinu kujibu sera. Shirika linakwenda PIC kujibu uwekezaji, na Msajili wa Hazina yupo pembeni. Hoja za ukaguzi zinakwenda PAC. Kamati ya Bajeti inashika kapu lote. TRC inaweza kuitwa kwenye meza nne.

MWANDISHI: Na kila meza inapewa maelezo yake.

MHESHIMIWA: Sikusema hivyo.

MWANDISHI: Nimesema mimi, Mheshimiwa.

MKAGUZI: Mimi sina shida na meza nne kama zinasoma kumbukumbu za wenzao. Shida yangu kubwa ni kalenda. Chukua shilingi iliyotumika vibaya Julai 2022. Mwaka unaisha Juni 2023. CAG anakagua, anamkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi 2024. Inawekwa mezani bungeni Aprili. Lakini Aprili Bunge linaingia kwenye bajeti, halina nafasi. Kamati zinaichambua, zinawaita Maafisa Masuuli, na taarifa zao zinajadiliwa Novemba 2024. Miaka miwili na ushei. Aliyesaini amehamishwa, wa pili amestaafu, wa tatu anakwambia, "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi nimeripoti ofisini hivi karibuni." Huko ni kumwita fundi apime msingi nyumba ikiwa imeshaezekwa.

Nakiri hapa ndipo mjadala uliponishika. Tumezoea kuuliza kama kamati ina ukali wa kutosha. Mama huyu anauliza inafika saa ngapi. Inafika Machi, kabla ya fedha, ikikagua mipango. Inafika Novemba ya mwaka wa mbele zaidi, ikikagua majivu. Katikati kuna siku moja ambayo hakuna mjumbe wa kamati aliyeketi karibu: siku mkataba unaposainiwa. Kwenye uchukuzi, siku hiyo ndiyo inayobeba uzito wote. Barabara mbovu unaweza kuirudia. Mkataba wa reli wa miaka 25 au mkopo wa dola bilioni haurudiwi.

MHESHIMIWA: Mikataba si kazi ya Bunge. Bunge likianza kusaini, nani atalisimamia Bunge?

MKAGUZI: Hakuna aliyesema lisaini. Nasema lione. Mnakumbuka RITES? 2007 reli ya kati, ile ile ambayo Wajerumani waliianza 1905 na kuifikisha Kigoma 1914, ilikabidhiwa kampuni ya India kwa mkataba wa miaka 25, wao asilimia 51, sisi 49. Haikufika hata miaka mitano. Wafanyakazi waligoma, vichwa vya treni vilikuwa vya kukodi, mizigo ikahamia barabarani.

MWENYE MALORI: Ikaja kwangu! Kusema kweli sisi wa malori tulinenepa miaka ile. Lakini barabara ndiyo iliyolipa, maana mzigo wa behewa ukiupandisha kwenye malori, lami inalia.

MKAGUZI: Umeona? Hasara ya reli ikahamia kwenye fungu la barabara, ambako kamati ikaikuta kama "uchakavu wa mtandao wa barabara". Wangeiona siku ya kwanza kwenye mkataba, wangeuliza mambo matatu tu: mwekezaji analeta mtaji gani wa kwake, asipouleta tunatokaje, na kutoka kwetu kunagharimu nini.

MWANDISHI: Lakini Mama, 2023 Bunge liliona. Makubaliano ya bandari kati yetu na Dubai yalipelekwa bungeni, yakaridhiwa Juni 10. Maoni ya wadau yalipokewa na kamati Dodoma siku chache tu kabla ya hapo.

MKAGUZI: Waliona makubaliano ya nchi na nchi, kwa sababu ibara ya 63 inataka mikataba ya aina hiyo iridhiwe na Bunge. Mikataba ya uendeshaji wenyewe, yenye tozo, muda na mgawanyo, ilisainiwa Oktoba 22, Ikulu Chamwino. Hiyo haikuhitaji kuridhiwa. Na nchi nzima ilibishana miezi minne juu ya karatasi ya kwanza, huku karatasi ya pili ndiyo yenye hesabu.

MHESHIMIWA: Hapo una hoja. Lakini utaratibu wa siku chache... nisiwasemee. Mimi ningetoa wiki tatu.

MWANDISHI: Majirani wameiandika kabisa. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 221, inailazimisha kamati inayopitia makadirio kutafuta maoni ya wananchi na kuyazingatia.

MWENYE MALORI: Na Kenya hawana hasara?

MWANDISHI: Wanazo, kaka. SGR yao imewatoa jasho kwelikweli. Sikusema dawa, nimesema utaratibu.

Nampongeza kijana kwa kukiri. Ushiriki wa wananchi unaofanyika kwa tangazo la juzi kwa kikao cha kesho hausaidii Nairobi wala Dodoma, hata ukiandikwa kwa wino wa dhahabu. Aidha, siamini kwamba wenye malori wote wana hamu ya kusoma mikataba. Wanataka kujua tozo itapanda lini na foleni ya Tunduma itapungua lini. Ni haki yao, na kamati nzuri ingetafsiri mkataba uwe majibu ya maswali hayo mawili.

MHESHIMIWA: Haya, tuseme mnaniteua tena, mnanipa kiti cha uenyekiti wa Miundombinu. Mnataka nini? Msiniambie "kuwa mkali", maana ukali nilikuwa nao, nilipiga meza mpaka vidole vikauma.

MKAGUZI: Kwanza, mkataba wowote mkubwa wa uchukuzi, wa ujenzi au uendeshaji au mkopo, ukuletee muhtasari kabla ya kusainiwa. Kwa siri ukipenda, kwa faragha ya kamati. Uulize maswali matatu niliyoyasema, majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Hakuna Katiba inayovunjika. Pili, kila mwaka mnapoleta taarifa ya kazi za kamati, mwisho wake wekeni jedwali: tulipendekeza nini mwaka jana, Serikali ilijibu nini, leo kiko wapi. Pendekezo lililorudiwa mara tatu liwekewe alama, na jina la cheo cha aliyepaswa kulitekeleza.

MHESHIMIWA: Hilo la pili tunalo, kwa sehemu. Serikali huleta majibu.

MKAGUZI: Huleta majibu kwamba "utekelezaji unaendelea". Nimeyasoma majibu hayo maisha yangu yote ya kazi. "Unaendelea" lazima iwe na tarehe.

MWENYE MALORI: Mimi sina la katiba. Nataka mjumbe wa kamati akienda ziara ya kukagua barabara asiende na msafara wa polisi. Apande lori langu Dar hadi Tunduma, alale kwenye foleni. Posho nitampa mimi.

MHESHIMIWA: (akicheka) Hiyo itakuwa rushwa, Bosi.

Wao hawakumaliza, nami sitawamalizia kwa suluhu. Ila upande wangu nautaja. Sikubaliani na Mheshimiwa kwamba kamati imefungwa mikono. Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge inaipa uwezo wa kuita watu na nyaraka, na mwenyekiti aliyeamua kuutumia hakuwahi kukosa cha kuuliza. Sikubaliani sana na mwandishi pia anapoiona 2012 kama kipimo. Kuanguka kwa waziri ni habari kubwa, lakini mikataba ya reli, bandari na ndege iliendelea kusainiwa chini ya waziri aliyefuata kwa utaratibu ule ule. Mama mkaguzi ndiye aliyegusa penyewe. Kamati inayouona mkataba wiki mbili kabla ya saini, hata ikiuona gizani, ina thamani kuliko kamati inayowafokea Maafisa Masuuli wapya miaka miwili baadaye mbele ya kamera.

Na msomaji ana sehemu yake isiyohitaji kiti. Ripoti za CAG huwekwa mezani kila Aprili, na Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi huzitoa kwa Kiswahili pia, bure, kwenye tovuti yake. Fungua ile ya mashirika ya umma, tafuta TRC, Mamlaka ya Bandari (TPA) na ATCL, kisha fungua ya mwaka uliotangulia uziweke pamoja. Hoja utakazozikuta kwenye ripoti zote mbili, muulize mbunge wako kabla ya Novemba.